Je, Wajua? Weusi wa Uso, Weusi wa Karatasi

Je, wajua kwamba picha ile ile, kutoka printa ile ile na wino ule ule, yaweza kumtoa mzee akiwa na makunyanzi yote ya uso wake, au ikamtoa kama kivuli chenye macho? Tofauti huletwa na karatasi. Kuanzia Makutano mjini Meru hadi Embu mjini tumezoea kuuliza bei ya picha ya A4 bila kuuliza itachapishwa kwenye karatasi gani. Safu ya leo ni ya wanaochapisha picha nyeusi na nyeupe: mwenye studio, mwenye saiba, na mjukuu aliyetumwa mjini na picha ya nyanya ndani ya simu, ikakuzwe na kutiwa fremu kabla ya Jumamosi.

Je, wajua kwamba kila karatasi ina kikomo chake cha weusi? Hata ukiimwagia wino chupa nzima, haitapita hapo. Weusi hupimwa kwa mwanga unaorudi machoni. Karatasi nzuri ya kung'aa hufikia kipimo cha 2.3, yaani ni nusu asilimia tu ya mwanga inayorudi. Karatasi isiyong'aa, ile wauzaji huiita mati, hugota kwenye 1.7 hivi, na hapo asilimia 2 hurudi. Karatasi ya fotokopi hufika 1.2 kwa taabu, na asilimia 6 ya mwanga inarudi. Ndiyo maana koti jeusi lililochapishwa kwenye karatasi ya rimu huonekana limepauka kama limefuliwa mara mia.

Na hapa ndipo penye uzito. Mafunzo mengi ya uchapishaji wa picha huanzia upande wa weupe: mawingu, theluji, gauni la bibi harusi. Sisi tuanzie upande wa pili. Mpige picha mzee wa Mbeere mwenye ngozi nyeusi tii, amevaa koti lake la ibada na kofia, ameketi chini ya mwembe. Mwanga umeangukia shavu moja. Shavu la pili, shingo, ukosi wa koti na ukingo wa kofia vyote vimo gizani, na humo ndimo ilimo sura yake. Karatasi isiyoweza kutenganisha giza na giza lililopungua kidogo itaiunganisha shingo na koti, na familia itasema mpiga picha hakujua kazi. Kwa nyuso zetu, weupe wa karatasi ni jambo la pili. La kwanza ni ngazi ngapi karatasi inaweza kuonyesha kati ya mweusi kabisa na kijivu cha katikati.

Je, wajua unaweza kuzihesabu ngazi hizo mwenyewe bila mashine yoyote? Katika programu ya picha, chora miraba saba. Wa kwanza upe thamani 0, yaani mweusi kabisa, inayofuata 5, 10, 15, 20, 25 na 30, katika kipimo kinachoishia 255. Ichapishe kwenye kila karatasi unayotaka kununua kwa wingi, iache ikauke, kisha itazame mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Karatasi inayokuonyesha mpaka kati ya mraba wenye thamani 5 na wenye thamani 10 inafaa kwa uso mweusi. Ile ambayo miraba minne ya kwanza imeshikana ikawa doa moja itazimeza nywele za nyanya, na hakuna kurekebisha mwangaza kwenye simu kutakakozirudisha zikiwa na umbo lake.

Kuna picha inayojulikana sana nchini ambayo ningependa kila mwenye studio wa Meru aijaribu kwa zoezi hilo. Ni ile ya Field Marshal Musa Mwariama, mpiganaji wa Mau Mau kutoka Meru, akiwa na Jomo Kenyatta mwaka 1963, alipotoka msituni nchi ikipata uhuru. Nywele ndefu za msituni, ndevu, uso mweusi: vyote vimo katika robo ya giza. Kwenye karatasi duni nywele zile huwa shimo jeusi, na kwenye karatasi nzuri misokoto huachana. Historia yote ya miaka ile msituni imo katika misokoto hiyo. Kizazi hicho kizima, pamoja na akina Jeremiah Nyagah wa Embu aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, kilipigwa picha kwa filamu nyeusi na nyeupe. Tunapokichapisha upya tukipe karatasi inayokistahili.

Je, wajua kwamba wakati mwingine karatasi husingiziwa? Printa haijui umeweka nini kwenye trei. Inasoma ulichochagua kwenye orodha ya aina za karatasi, na hapo ndipo inapoamua wino kiasi gani utoke. Ukiweka karatasi ya kung'aa na orodha ikabaki kwenye karatasi ya kawaida, weusi utatoka mnyonge na wenye mistari. Ukifanya kinyume, wino utazidi, utasambaa, na miraba yako saba itazama pamoja. Kabla ya kuilaani karatasi, fungua orodha hiyo.

Na zile gramu zinazoandikwa kwenye pakiti? Ni uzito wa mita mraba moja ya karatasi. Jani la A0 ni mita mraba moja kamili, na A4 ni sehemu ya 16 ya hiyo. Kwa hiyo karatasi ya rimu ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kwa jani, na ya picha ya gramu 240 ina gramu 15. Ukiwa na mizani ndogo, unaweza kukagua kama pakiti uliyouziwa inasema kweli.

Lakini gramu nyingi si dhamana ya weusi mzuri! Uzito huzuia karatasi kujikunja na kuifanya ihisi ya heshima mkononi. Weusi hutoka kwenye tabaka jembamba la juu, lile linalopokea wino.

Je, wajua kuna karatasi za kung'aa za aina mbili, na nyingi ya zile za bei ya chini zinazouzwa kwa pakiti zisizo na jina ni za aina ya pili? Aina ya kwanza ina utando wa plastiki pande zote mbili, kiini chake kikiwa karatasi. Aina ya pili ni karatasi tupu iliyopakwa tabaka la kung'aa upande mmoja. Kuzitofautisha ni rahisi: chukua jani lililoharibika, dondoshea tone la maji mgongoni. Likinywewa na karatasi ikavimba, ni aina ya pili. Kisha chana kona polepole. Yenye plastiki huvutika kidogo, ukaona ngozi nyembamba ikichungulia pembeni mwa mchano. Isiyo na plastiki huchanika kama karatasi yoyote na kuacha nyuzi nyeupe. Hii ya pili ikipewa wino mwingi, na picha yenye giza huhitaji wino mwingi, hufanya mawimbi. Ukiilaza mezani na kuitazama kwa mshazari utaona vilima na mabonde pale palipo koti. Kwa picha za watoto za kubandika daftarini sina neno. Kwa picha ya kukaa ukutani miaka, tafuta yenye plastiki au ya pamba.

Upande wa kuchapishia ni upi? Gusa kona kwa kidole chenye unyevu kidogo. Upande unaonata ndio wenye tabaka la wino. Hili lina maana zaidi kwenye mati, ambako macho hayaoni tofauti ya pande mbili.

Je, wajua kwamba taa ndogo ya zambarau inayokagua noti bandia dukani inaweza pia kukagua karatasi yako? Karatasi nyingi nyeupe hutiwa kemikali za kung'arisha: hupokea miale ya urujuanimno isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa samawati, ndipo jicho likadhani karatasi ni nyeupe kupindukia. Iweke chini ya taa hiyo. Ikiwaka samawati, kemikali zimo. Noti halali haiwaki hivyo, isipokuwa alama zake maalumu, kwa sababu karatasi yake haikutiwa king'arishi. Tatizo ni kwamba kemikali hizo huchoka kwa mwanga. Weupe uliokuvutia dukani hushuka mwaka baada ya mwaka, na karatasi hurejea kwenye umanjano wake wa asili. Katika picha ya rangi huenda usitambue. Katika nyeusi na nyeupe karatasi ndiyo nyeupe yenyewe, hivyo shati, meno na mvi vyote hubadilika kwa pamoja. Ningelazimika kuchagua, ningechukua karatasi yenye weupe wa maziwa isiyowaka, niikubali ilivyo tangu siku ya kwanza.

Na jua letu si la mchezo. Mji wa Meru uko hatua chache kaskazini mwa ikweta, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Embu iko kusini yake, kwenye mita 1,350 hivi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu tu ya miale hiyo. Picha inayotazamana na dirisha la mashariki sebuleni kule Nkubu inapigwa na miale hiyo kila asubuhi.

Je, wajua wino nao una pande mbili? Wino wa rangi iliyoyeyuka huingia ndani ya tabaka la karatasi, hung'aa na hupendeza upesi, ila hupauka mapema kwa mwanga na hewa chafu. Wino wa pigmenti ni chembe ngumu zinazokaa juu, na pigmenti nyeusi ya kaboni ni miongoni mwa zinazodumu kuliko zote. Printa za matangi za rangi sita zinazopendwa na studio zetu, kama Epson L805 na L1800 na baadaye L8050 na L18050, hutumia wino wa kuyeyuka. Zina nyeusi moja tu, hazina kijivu. Ili kupata kijivu chepesi huchanganya rangi nyingine, na mchanganyiko huo ukiyumba kidogo shavu la mzee huwa la kijani au la zambarau.

Ofisini ni vibaya zaidi. Printa nyingi za ofisi zina wino mweusi wa pigmenti kwa ajili ya maandishi peke yake. Ukizipa karatasi ya kung'aa, huuacha wino huo kando na kutengeneza weusi kwa kuchanganya samawati, waridi na manjano. Ndiyo siri ya picha nyingi za "nyeusi na nyeupe" zilizotoka na rangi ya kahawa bila mtu kuagiza.

Waliolitatua tatizo hili waliongeza weusi. Mwaka 2005 Epson ilileta wino wa K3: mweusi kamili, mweusi mwepesi, na mwepesi zaidi, zikifanya kazi pamoja ili kijivu kitoke kwenye nyeusi zenyewe. Canon PRO-300 ya mwaka 2020 nayo ina wino wa kijivu wa peke yake. Printa za daraja hili huwa pia na nyeusi mbili kubwa, moja ya karatasi za kung'aa na nyingine ya mati. Ukichapisha mati kwa nyeusi ya kung'aa, weusi utapungua mpaka ushangae. Ikiwa unamtumia kazi mtu wa Nairobi mwenye printa ya namna hii, mwulize ametumia nyeusi ipi. Swali hilo moja litamfanya akuheshimu.

Je, wajua ugunduzi wa wino unaorushwa kwa joto ulitokana na ajali? Mwaka 1977, katika maabara ya Canon huko Japani, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka nje. Na aliyeipeleka printa ya wino kwenye sanaa ya picha alikuwa mwanamuziki: Graham Nash wa Crosby, Stills & Nash alinunua mashine ya Iris kwa dola 126,000, akaitumia kuchapisha picha zake nyeusi na nyeupe kwenye karatasi za wachoraji, na mwaka 1991 akafungua Nash Editions huko California. Mashine ile leo iko katika makumbusho ya Smithsonian. Haja iliyomsukuma ilikuwa ile ile ya studio yoyote mjini Chuka: nyuso za watu, kwa nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi inayozibeba vyema.

Je, wajua kwamba unga mweupe anaonyweshwa mgonjwa kabla ya kupigwa eksirei ya tumbo umo pia kwenye karatasi bora za picha? Ni salfeti ya bari. Watengenezaji wa karatasi za picha wa zamani walipaka tabaka lake chini ya dawa ya fedha ili karatasi iwe nyeupe na laini, na leo karatasi za wino zinazoitwa barita zinafuata njia hiyo. Zina mng'ao wa chini, weusi mzito, na hazina ule uso wa plastiki. Kama ningepewa jani moja tu la kumchapishia mtu mweusi picha ya kukaa nyuma ya kioo, ningeomba barita.

Karatasi za pamba nazo zina jamii yake. Hahnemühle ya Ujerumani ilianza mwaka 1584, na Photo Rag yao ya gramu 308 hujulikana na kila mchapishaji wa maonyesho. Pamba, zao wanalolijua wakulima wa Mbeere na Tharaka, ni selulosi karibu tupu. Haina lignini, ile gundi ya mti inayofanya gazeti kuwa manjano likiachwa juani. Uso wake ni wa mati, kwa hiyo weusi wake ni ule wa 1.7. Je, ni kasoro? Inategemea picha. Ukungu wa Julai juu ya mashamba ya majani chai, au mvua ikishuka kutoka Mlima Kenya, huvutia mno kwenye pamba. Uso mweusi uliopigwa kwenye mwanga hafifu hupoteza hapo.

Mahali pa kutazamia picha huamua pia. Picha inayobebwa mbele ya jeneza, mchana, chini ya hema lililo wazi pembeni, ikiwa ya kung'aa sana itaakisi anga yote na waombolezaji watajiona wenyewe. Weusi wa 2.3 haufai kitu ukifunikwa na mwangaza wa mbingu. Hapo chukua satini, yenye vinundu vidogo vinavyovunja mwako huku weusi ukibaki mzito. Hiyo ndiyo karatasi ninayoipendekeza kwa studio yenye uwezo wa kuweka aina moja tu.

Je, wajua mvua ya Novemba huingia ndani ya pakiti? Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Ikishanywa hujikunja kingo, kichwa cha printa kinazigusa, na unapata michirizi myeusi pembeni. Ukiwa upande wa Kianjai au Siakago wakati wa kiangazi mambo hugeuka: karatasi hukauka, hujikunja upande wa pili na kuvuta vumbi. Punje moja ya udongo wetu mwekundu ikikaa juu ya karatasi wakati wa kuchapisha, ikianguka baadaye huacha nukta nyeupe. Kwenye shavu jeusi nukta hiyo huonekana ukiwa mlangoni. Funga pakiti ndani ya mfuko wake kila unapotoa jani, weka humo vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na pangusa jani kwa brashi laini kabla ya kulilisha printa.

Usihukumu picha ikitoka tu. Vivuli hubadilika wino unapokauka, na miraba iliyoonekana imeachana yaweza kukaribiana baada ya saa moja.

Je, wajua picha ya zamani iliyopigwa upya kwa simu huhitaji karatasi tofauti na faili mpya? Picha za enzi za babu zimeshageuka joto, kijivu chake kina hudhurungi. Ukiichapisha kwenye karatasi nyeupe ya samawati, nyuso hupoa na kuonekana za wagonjwa. Karatasi isiyo na king'arishi huipokea vizuri zaidi. Mjini Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imekuwa ikiuza picha za zamani za visiwa hivyo kwa wageni na wenyeji. Anayetaka kuona joto la picha za enzi hizo kwa macho yake, ana pa kwenda.

Kulaminati? Watu wetu hulaminati kila kitu, kuanzia cheti cha ubatizo hadi orodha ya bei. Plastiki hiyo huzuia maji, na picha ya mati ikilaminatiwa weusi wake hukolea kwa macho, kwa sababu uso umekuwa laini. Lakini hairudi nyuma: ikianza kutoa mapovu, picha imekwenda. Laminati nakala. Picha ya asili, hasa ya karatasi ya zamani ya fedha, isikaribie joto la mashine hiyo kamwe.

Je, wajua picha mpya hupumua? Wino una viyeyusho vinavyoendelea kutoka kwa muda baada ya uso kuonekana mkavu. Ukiitia fremu papo hapo, viyeyusho hivyo hugeuka ukungu ndani ya kioo. Ilaze wazi angalau saa 24, ikifunikwa na karatasi ya kawaida inayofyonza, na ndani ya fremu weka ukingo wa kadibodi ili picha isigusane na kioo. Vikigusana, msimu wa mvua utavigandisha, na kuvitenganisha ni kuichuna sura.

Jambo la mwisho ni la mgongoni. Karatasi ya plastiki haishiki penseli, na kalamu ya biki hukandamiza mpaka mstari ukajitokeza usoni kwa mtu. Andika kwenye kadibodi ya nyuma ya fremu: jina la aliyepigwa, mahali, mwaka, aina ya karatasi na wino uliotumika. Picha ikipauka baada ya miaka, mjukuu atajua aombe nini atakapokwenda kuichapisha tena.